Kuteremka na Kaskazi

Miezi ya Disemba na Januari, ambayo huko Uingereza ni miezi ya giza, jua likizama karibu na saa kumi ya alasiri na watoto wakitoka shule hali taa za barabarani zimekwisha kuwashwa, katika pwani yetu ni miezi ya kaskazi: upepo mkavu utokao pande za Arabuni na Bara Hindi, ambao kwa karne nyingi uliwaleta katika bandari zetu wafanyabiashara, wanazuoni na mabaharia, na ambao hata leo, zama hizi za ndege, wavuvi na manahodha wa Mafia na Kilwa wanapanga maisha yao kwa kuufuata. Mimi nimezaliwa Unguja, nami nakaa Leicester pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili, binti na mdogo wake wa kiume, ambao wote wamezaliwa huko. Na kwa muda mrefu ilikuwa nia yangu kwamba likizo moja ya majira ya baridi tusiende kwetu kukaa barazani tu, bali tusafiri baharini kwa tanga, familia nzima, ili watoto waijue bahari ya babu yao kwa miili yao na si kwa hadithi.

Babu yao, marehemu baba yangu, alikuwa baharia katika majahazi yaliyokuwa yakipakia boriti za mikoko katika delta ya Rufiji na kuzipeleka Unguja, na majina ya Kisiju, Simba Uranga, Songosongo na Kilwa niliyajua kwa masikio kabla sijaweza kuyatafuta katika ramani. Biashara hiyo ilikuwa kubwa kuliko vijana wa leo wanavyodhani, kwani majahazi ya Kuwaiti na ya Sur yalikuwa yakija na kaskazi, yakiuza tende na chumvi bandari kwa bandari, kisha yakijaza boriti za kuezekea nyumba katika nchi zisizo na miti na kurudi nazo kwa kusi. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri katika jahazi la Kikuwaiti mwaka 1938 na 1939, aliingia Rufiji pamoja na mabaharia wake kupakia boriti hizo, na kitabu chake, Sons of Sindbad, kilichotoka mwaka 1940, kinaeleza taabu ya mbu, tope na mizigo kwa namna iliyonithibitishia mengi niliyoyasikia nyumbani utotoni.

Jambo la kwanza tulilolazimika kuliamua lilikuwa mwelekeo. Mke wangu, ambaye asili ya kwao ni Pate, alipenda tuanze Lamu na kupanda hadi Kiwayu, na hoja yake haikuwa dhaifu, kwa maana maji ya visiwa vile yamekingwa na mandhari yake ni ya kupendeza mno. Lakini kupanda kutoka Lamu wakati wa kaskazi ni kuelekea upepo unakotoka, na chombo cha tanga hakina njia ya kwenda huko ila kwa bisho, yaani kukata bahari upande huu na upande huu, chombo kimelala, maji yakirukia ndani, na safari ya nusu siku ikawa ya siku nzima. Mabaharia wazoefu hulivumilia jambo hilo kwa ajili ya riziki yao; kuwatia humo watoto ambao hawajapata kulala chomboni niliona ni kuwafundisha kuichukia bahari tangu siku ya kwanza. Basi tukakubaliana kwamba, madhali upepo unateremka, nasi tuteremke nao: tuanze Mafia, tupite Songosongo, tushukie Kilwa, kisha turudi Dar es Salaam kwa njia ya nchi kavu, ambayo ni mwendo wa kilomita zipatazo 300 katika barabara ya lami.

Palibaki suala la kutoka Unguja mpaka Mafia. Baba yangu na wenzake waliukata mkono ule wa bahari pasipo kuufikiria mara mbili, lakini huko ni bahari kuu, hakuna kisiwa cha kujifichia upepo ukikaza, na sehemu kubwa ya safari ingekuwa usiku. Mama yangu, niliyemweleza habari hizi kwa simu, hakunikataza, aliuliza tu kama wajukuu zake wanajua kuogelea, na nilipomjibu kwamba wanajua kidogo, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kidogo haitoshi, mwanangu. Wafundisheni kwanza, ndipo mniambie tarehe." Maneno hayo yalibadili mipango yetu mara mbili. Kwanza, tangu Septemba watoto walipelekwa bwawani kila wiki, wakafundishwa si kuogelea tu bali kuelea wakiwa wamevaa nguo, jambo ambalo mwalimu wao alilistaajabia kidogo na kulikubali upesi. Pili, niliufuta mkono wa bahari kuu katika ratiba, tukaamua kuruka kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hadi Kilindoni, safari isiyotimiza saa moja, na kupanda chomboni hapo hapo Mafia.

Chombo na nahodha vilipatikana kwa njia inayofaa kuliko zote, nayo ni ya jamaa. Ami yangu mmoja, mdogo wake baba, ameoa Mafia na kukaa huko miaka mingi, na kwa kupitia kwake nilizungumza na nahodha mwenye mashua yake mwenyewe, mtu wa makamo, mwenye sauti ya upole na maneno machache. Nilimwamkia, akaitikia, nikaanza kumtajia tarehe za likizo za shule. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwezi utakuwa wa ngapi siku hizo, bwana?" Swali lile lilinirudisha katika elimu ambayo miaka ya Ulaya ilikuwa imenifanya niiweke pembeni, na usiku ule nilikaa na takwimu za mwezi na majedwali ya maji mpaka saa sita.

Naona inafaa nilieleze jambo hili kwa urefu, kwa sababu ndilo uti wa mgongo wa mipango yote ya safari kama hii. Katika pwani yetu bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na tofauti ya maji makavu na maji makuu si ndogo: wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na fungu ambalo asubuhi mtu hulitembea kwa miguu, jioni mashua hupita juu yake. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana na mikondo hulegea. Fauka ya hayo, saa zenyewe zina utaratibu wake: siku za bamvua maji hujaa takriban saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hupwa karibu na saa nne, siku za maji mafu mambo hupinduka, maji yakajaa katikati ya asubuhi. Ajuaye umri wa mwezi, basi, anajua bila ya kuangalia kitabu kama chombo kitaelea au kitakaa mchangani wakati anaotaka kuondoka. Wazee walikwenda mbali zaidi, wakihesabu mwaka wa jua kwa miongo, kumi kumi, tokea siku ya Nairuzi, na kwa miongo hiyo wakijua lini kaskazi inaanza kushika na lini inaanza kulegea.

Likizo yetu ilikuwa ya Disemba 2024 na siku za mwanzo za Januari. Nusu ya mwisho ya mwezi iliangukia tarehe 22 Disemba, na mwezi mpya usiku wa kuamkia tarehe 31. Maana yake ilikuwa dhahiri: tungeanza safari katika maji mafu, yenye mikondo dhaifu, ambayo ni rehema kwa watu wageni na chombo, na kuimaliza Kilwa katika bamvua, ambapo maji ya alasiri yangetufikisha mpaka chini ya magofu. Nilipompigia nahodha na kumweleza hesabu hii, alisema, "Sasa tumeelewana," na kuanzia hapo mazungumzo yetu yakawa mepesi.

Kuhusu tufani, ambayo mke wangu aliiulizia kwa haki, niliweza kumtuliza kwa tarikhi. Vimbunga vya Bahari ya Hindi ni nadra kufika katika latitudo zetu, na vile viwili vinavyokumbukwa zaidi katika sehemu hizi, kile kilichoivunja Unguja mwaka 1872 na kile kilichoitwa Hidaya, kilichofika Mafia mwaka 2024, vilitokea Aprili na Mei, kaskazi ikiwa imekwisha. Hata hivyo tuliweka sharti kwamba kila asubuhi nahodha na mimi tutasoma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kung'oa nanga, na kwamba neno la nahodha la kubaki bandarini halitajadiliwa na mtu.

Ami yangu aliikagua mashua kabla yetu na kuniletea habari zake kwa uaminifu wa mtu aliyekwisha kuzama mara moja maishani. Leseni yake ilikuwa hai. Mbao za chini zilikuwa zimetiwa kalafati upya na kupakwa deheni, ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya chombo, ilikuwa na maji ya kiasi cha kawaida tu, foromali, yaani mti unaobeba tanga, ilikuwa nzima na tanga limeshonwa mwaka ule ule. Palikuwa na mashine ndogo ya kufunga tezi, yaani nyuma ya chombo, kwa ajili ya shuwari na dharura, na simu ya upepo. Kilichokosekana ni jaketi okozi za watoto, kwani zilizokuwamo zote zilikuwa za watu wazima, na jaketi kubwa kwa mtoto mdogo ni hatari, humpanda kichwani na kumwachia kifua. Tulizinunua Leicester, tukazijaribu bwawani, tukazichukua mkononi katika ndege. Na namsihi kila mzazi anayefikiria safari kama hii asimwachie mwenye chombo jambo hilo, hata awe mwaminifu namna gani.

Vyakula vilimhusu mke wangu na mke wa ami, nao walivipanga kwa busara: mchele, unga, nazi, tende, ndimu, tangawizi ya kutuliza matumbo, makaa na seredani iliyowekwa katika sanduku la mchanga, na samaki tutakaowapata njiani. Maji ya kunywa yalijazwa katika madumu na kugawanywa sehemu mbili, omo, yaani mbele, na tezi, ili dumu moja likipasuka au kuingia maji ya chumvi, safari isiharibike.

Tulifika Kilindoni joto likiwa kali na bahari ya upande wa magharibi imelala. Siku za mwanzo tulizitoa kwa papa potwe, samaki aliye mkubwa kuliko samaki wote duniani, ambaye hukusanyika karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa mwaka kufuata vijidudu vidogo mno vya baharini, ambavyo ndivyo chakula chake. Tulitoka alfajiri na wavuvi, na baada ya muda si mrefu nahodha wa boti alinyosha kidole bila kusema. Kwanza lilionekana pezi, kisha mgongo mpana wenye madoa meupe yaliyopangwa kwa safu, ukipita chini yetu pasipo haraka na pasipo kutujali. Binti yangu aliingia majini pamoja nami, akamfuata kwa mbali kama tulivyoamrishwa, na alipotoka hakusema neno mpaka tulipofika nchi kavu. Mdogo wake, aliyebaki botini na mama yake, ndiye aliyesimulia kwa niaba ya wote.

Kutoka Kilindoni tulikwenda kwa gari mpaka Utende, mlangoni mwa ghuba ya Chole, ambapo mashua ilikuwa ikitungoja ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya namna yake katika Tanzania. Tulilala Chole, kisiwa kidogo chenye magofu ya Kijerumani yaliyokumbatiwa na mizizi ya miti, na popo wakubwa ambao mchana huning'inia mitini na magharibi huruka kwa mamia kuelekea kisiwa kikubwa kutafuta matunda. Asubuhi ya pili, maji yakijaa katikati ya asubuhi kama mwezi ulivyoahidi, tulitweka tanga na kupita upande wa magharibi wa kisiwa cha Juani, uliokingwa na upepo, hadi Kua.

Kua nilitaka watoto waione kabla ya Kilwa, ingawa haina umaarufu wa Kilwa. Ulikuwa mji wa Waswahili wenye misikiti, makaburi na jumba la ghorofa, uliostawi katika karne ya 18, na mwanzoni mwa karne ya 19 ulivamiwa na Wasakalava waliotoka Madagaska na mitumbwi yao, wakawaua na kuwachukua utumwani watu wake, na mji haukurejea tena. Leo mibuyu imeota katika vyumba. Mlinzi wa mahali hapo alitutembeza kwa taadhima, na mwanangu wa kiume aliuliza kwa nini watu wale hawakukimbilia vyomboni mwao. Nilimjibu kwamba maadui walikuja kwa njia ile ile ya vyombo, naye akaitazama bahari kwa muda mrefu.

Tulilala Jibondo, kisiwa cha wavuvi na mafundi wa vyombo, na kabla ya alfajiri nahodha alituamsha. Mkono kutoka hapo mpaka Songosongo ni kama kilomita 50, ndio mrefu kuliko yote ya safari yetu, na alitaka tufike kabla jua halijateremka mbele ya macho yetu, kwani miamba ya njia ile huonekana kwa rangi ya maji tu, na jua likiwa la mbele rangi hupotea. Tuliondoka gizani, kaskazi ikiwa nyuma kidogo kwa upande wa kushoto, na mara mashua ilipotoka katika kivuli cha kisiwa, tanga lilijaa kwa sauti nzito, foromali ikalia, na chombo kikaanza kwenda kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri kwa mtu asiyepata kuionja: hakuna mtikisiko wa mashine wala harufu ya mafuta, ila maji yakipita ubavuni na kamba zikinong'ona. Mke wangu alichafukwa na tumbo katika saa ya kwanza, akanywa maji ya tangawizi na ndimu, akalala chini ya kivuli cha turubai, akaamka mzima. Binti alishika usukani pamoja na nahodha. Nahodha hakumfundisha kwa maneno. Aliweka mkono wake juu ya wake mpaka alipohisi kwamba msichana anausikia mzigo wa maji, kisha akauondoa.

Songosongo ilijitokeza kwanza kwa mitambo yake, kwa sababu kisiwa kile ndipo gesi asilia ya Tanzania ilipogunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Baba yangu aliijua kama kisiwa cha wavuvi na minazi, na minazi bado ipo, na wavuvi bado wanaanika dagaa na pweza mbele ya nyumba zao. Tulikaa hapo zaidi ya tulivyopanga, kwa sababu kaskazi ilikaza ikawa na mapovu meupe, na nahodha alisema tungoje. Na kwa kuwa tuliacha nafasi katika ratiba kwa ajili ya jambo hilo hilo, hapana aliyenung'unika. Watoto walicheza mpira mchangani na watoto wa hapo, wakakosana na kupatana kwa Kiswahili ambacho siku ya kwanza kilikuwa kizito katika ndimi zao na siku ya mwisho hakikuwa.

Tulivuka mpaka Kilwa siku ya kwanza ya mwaka, tukaacha Fanjove na mnara wake wa taa upande wa kushoto. Bamvua ilikuwa imeshika sawasawa. Saa nne maji yalikuwa makavu kabisa na tuliyaona mafungu yamejianika kila upande, lakini tulipoukaribia mlango wa bandari alasiri maji yalikuwa yakijaa kwa nguvu na kutuvuta ndani pamoja nayo. Nahodha hakutupeleka Kilwa Masoko moja kwa moja. Alipita kwanza chini ya Husuni Kubwa, jumba alilolijenga Sultani al-Hassan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14 juu ya jabali linalotazama bahari, na kwa maji yale makuu mashua ilikaribia mpaka pale mikoko inapoanza, tukashuka na kupanda kwa miguu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, katika utawala wa sultani huyo, naye alikuja kwa upepo huu huu akitokea Mombasa. Niliwaonyesha watoto birika lenye pembe nane lililochongwa katikati ya jumba, na nyua ambamo yamkini mizigo ya dhahabu ya Sofala na nguo za Bara Hindi ilihesabiwa, na kutoka ukingoni nikawaonyesha kusini, ambako kaskazi ilikuwa ikiendelea bila sisi.

Mashua ilitulaza Kilwa Masoko, na asubuhi tuliagana na nahodha gatini. Yeye alikuwa amekwisha kupata mzigo wa chumvi wa kupeleka Songosongo, kisha angerudi Mafia kwa bisho na mashine, kidogo kidogo, akijificha nyuma ya visiwa, kazi ya watu wanaoijua. Nilipomlipa na kumshukuru aliniuliza kama watoto watakuja tena, na kabla sijajibu binti yangu alimwuliza kusi inashika mwezi gani kutoka Kilwa kwenda Mafia. Alimwambia kwamba kuanzia Juni huwa na nguvu sana kwa mashua yake, na kwamba Agosti kuelekea Septemba hulegea na kufaa. Likizo ya shule za Uingereza ya majira ya joto huisha mwanzoni mwa Septemba. Nimekwisha kuangalia mwezi.